Antibiotiki dukani bila cheti: tukaze marufuku au tuanze na maabara?

Ndugu aliyetangulia anasema tukiwabana wenye maduka ya dawa wasiuze antibiotiki bila cheti cha daktari, usugu wa bakteria kwa dawa utapungua. Mimi napinga tuanzie hapo. Sheria yetu ya dawa hapa Uganda, ya 1993, tayari inataka cheti.

Mdogo wangu alianguka na bodaboda nje kidogo ya Arua, goti likachunika vibaya. Nyumbani wakafungua kapsuli za ampisilini, antibiotiki ya dukani, wakamwaga unga kidondani. Siku ya nne nilipofungua bendeji, juu unga umeganda kama gamba, chini yanatoka majimaji ya kijani yenye harufu tamutamu inayochefua. Tukakimbilia hospitali. Huko alichomwa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, siku tano, hakuna aliyechukua usaha kupima. Usaha ulipokuja kuoteshwa maabara ili kujua bakteria gani wamo, akaonekana Pseudomonas aeruginosa. Bakteria huyu ni sugu kwa ampisilini kwa maumbile yake, na seftriaksoni nayo haimwezi. Yaani dukani walibahatisha, na madaktari wanaoandika cheti wakabahatisha vilevile!

Fundi wa maabara alinionyesha ile sahani walimooteshwa bakteria hao. Vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali vimepangwa juu yake: kimoja bakteria wameota hadi wamekigusa, yaani dawa yake haiwawezi; kingine, cha antibiotiki ya siprofloksasini, kimezungukwa na duara safi kabisa, yaani dawa hiyo inawazuia. Siku tatu za kungoja, dawa ikajulikana. Kila hospitali ya wilaya iwe na sahani hizo kwanza, ndipo tuzungumze marufuku.

Mwenye duka la dawa, Busia:

Pole kwa mdogo wako, kaka. Lakini usitutoe kwenye lawama. Mtu anakuja na shilingi elfu mbili, anataka vidonge vinne tu vya dozi ya siku tano, nami nimewahi kukata. Dozi nusu huua bakteria dhaifu, wale sugu wakabaki wanazaana. Siku hizi mwenye mchubuko mdogo namwambia aoshe kwa maji safi mengi na sabuni, afunge kitambaa safi. Mara nyingi hahitaji antibiotiki kabisa. Wengine hukasirika, wakavuka barabara kwa jirani yangu, akawauzia. Ndiyo maana mimi nataka marufuku ikazwe kwetu sote leo, maabara zikijengwa. Na hicho kipimo cha usaha, mgonjwa asiye na hata pesa ya dozi nzima atalipiwa na nani?