Tupeane uzoefu: mnalipiaje matibabu ya meno fedha zisipotosha?

Wanajamvi, salaam. Hapa Mwanza gharama ya kung'oa jino aghalabu hubebeka. Ugumu huanza pale daktari anaposema kuwa jino linaweza kuokolewa kwa kutibu mzizi na kulivika kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino, kisha akataja kiasi ambacho mtu hanacho siku hiyo. Mimi nina bima ya NHIF kupitia ajira, na kabla ya kukaa kwenye kiti huuliza dirisha la bima ni kipi kinalipiwa na kipi nitatoa mfukoni. Naomba waliolipa kwa njia nyingine waeleze walivyofanya, pamoja na masharti waliyopewa.

Mchuuzi wa dagaa, Kirumba: Nilipoambiwa kuwa kutibu mzizi wa gego langu kungegharimu shilingi 250,000, nilimwomba daktari tugawe malipo kwa kila hudhurio, naye akakubali kwa sharti kwamba nisikatishe njiani, kwa kuwa dawa ya muda inayoziba tundu la jino hailindi mzizi kwa muda mrefu. Nilichohitaji kumweleza ni suala la mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hukaa ufukweni na sisi wa mwaloni tunakosa mzigo. Awamu ikiangukia siku hizo, ningelazimika kukopa ili nilipe deni. Tulifungua kalenda pamoja tukachagua tarehe za giza, karani akaziandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yangu, na kila nilipolipa nilidai risiti yenye salio. Bila risiti hiyo, makubaliano ya mdomo ni hatari kwa pande zote mbili.

Mwalimu, Sengerema: Mimi nilichukua mkopo wa dharura wa SACCOS, chama chetu cha ushirika cha akiba na mikopo. Wadhamini walipatikana miongoni mwa wanachama na makato yakapita kwenye mshahara. Niliomba fedha za mzizi na kofia kwa pamoja, kwa sababu gego lililotibiwa mzizi huvunjika kwa urahisi likiachwa bila kofia.

Mama wa kikoba, Igoma: Kikundi chetu kina mfuko wa jamii ambao humsaidia mgonjwa bila riba, lakini nilipoomba, baadhi ya wenzangu walidai kuwa meno ni urembo. Niliwaonyesha shavu lililovimba na karatasi ya daktari ndipo wakaridhia, na sasa katiba yetu inataja meno waziwazi. Vikundi vingine vifanye hivyo kabla mtu hajaugua.

Mwendesha bodaboda, Nyegezi: Mkopo wa simu unafaa kwa kung'oa tu, tena ukiwa na uhakika wa kuurejesha ndani ya siku chache. Kwa matibabu ya wiki kadhaa, tozo zake humaliza faida yote ya kukopa haraka.

Mkazi wa Buhongwa: Msisahau ofisi ya ustawi wa jamii katika hospitali za umma. Mama yangu amepita miaka 60 na hana kipato. Tulikwenda na barua ya serikali ya mtaa, afisa akamhoji, na ada ya kung'oa ikasamehewa. Barua hiyo ichukuliwe mapema, kwani mwenyekiti wa mtaa hapatikani kila siku.

Mwanzisha mada: Nashukuru. Je, yupo aliyelipia meno ya bandia kwa awamu, na alitakiwa kutanguliza kiasi gani kabla ya kuchukuliwa vipimo?