Naombeni ushauri: karata mbili zinaachana nikiwa mbele za watu

Mwana wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Nina miezi 5 najifunza mazingaombwe ya karata, ule mchezo wa karata inayopanda juu. Mtu anachagua yake, naichomeka katikati ya fungu, nagonga kwa kidole, ya juu ikifunuliwa ni ileile. Siri yake wengi mnaijua: ni kuinua mbili kana kwamba ni moja, ili ile inayochomekwa katikati iwe nyingine kabisa. Chumbani mbele ya kioo natoa mara 20 bila kosa. Shida ni mbele za watu.

Idi nilijaribu barazani kwetu Tanga. Binamu yangu alichagua saba ya kopa. Nilipofika pale pa kuinua, vidole vikaanza kupapasa pembeni kutafuta karata ya pili, jasho nalo linatoka, zikaachana upana wa ukucha. Akanidaka mkono: "Mbili hizo!" Mzee mmoja akasema haya ni mambo ya karata tatu za stendi, niache. Hilo liliniuma kuliko kudakwa. Sichukui hela ya mtu, naupenda tu ufundi huu.

Mwezi ujao mtoto wa dada anatimiza miaka 10 na ameniomba mwenyewe nimfanyie. Watakuwepo watu kama 30. Nifanyeje?

Bi Shupaza
Pole mdogo wangu. Kosa umelitaja mwenyewe: unaitafuta karata ya pili wakati wote wanakusubiri. Inatakiwa iwe tayari zamani. Mtu anapowaonyesha wenzake karata yake, dole gumba lisukume mbili za juu kidogo kuelekea kulia, uzirudishe, na ncha ya kidole chako cha mwisho ibaki chini yake. Mwanya wenyewe ni mdogo mno, mtu wa mbele hauoni. Akirudisha yake, ipokee chini ya ile ya juu kabisa, unazo tatu. Acha ya chini idondoke, zibaki mbili. Ukifika wakati wa kufunua huna cha kuhesabu, unainua kilichokwisha kutengwa. Mimi kazi hiyo moja nilikaa nayo miezi 2, kwenye daladala, mkono na fungu vikiwa ndani ya mkoba.

Mzee wa Pau
Hicho kioo kinakudanganya. Wengi wetu tunapepesa macho sekunde ileile ya ujanja, na aliyepepesa hajioni. Jirekodi kwa simu, uiweke usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Kwa watoto ishushe zaidi.

Halafu angalia unavyogeuza karata ikiwa kweli ni moja. Unaishika bila kuijali. Zikiwa mbili unazibana kama yai, na watu wanahisi tofauti hiyo hata wasipojua wameona nini. Geuza moja mara 10, kisha mbili mara 10, mpaka kwenye video wewe mwenyewe usitambue. Wala usikimbilie kasi. Mwanamazingaombwe René Lavand wa Argentina alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka 9, akafanya karata kwa wa kushoto peke yake, tena polepole kwa makusudi.

Tumbatu
Kanuni ya kwanza: usirudie mchezo mbele ya watu walewale. Fanya mara moja, funga, hamia mwingine.

Mzee wa Pau
Hapo nakupinga ndugu yangu. Kwa michezo mingine sawa, lakini huu utamu wake ni kurudia. Mwaka 1922 kule Chicago, fundi wa karata Dai Vernon aliufanya mbele ya Harry Houdini, mwanamazingaombwe maarufu aliyekuwa akijigamba kwamba mchezo akiuona mara tatu ataujua. Vernon akarudia na kurudia, Houdini hakuupata. Kwa kijana wetu duru 3 zinatosha. Mtoto aandike jina lake kwenye karata kwa kalamu ya wino mzito, na duru ya mwisho afunue yeye. Wakati huo ya juu ni yake kweli, hakuna cha kuficha.

Mama Zuhra
Nafundisha chekechea, karata sizijui sana, ila watoto nawajua. Wanatazama unapotazama wewe. Ukiitumbulia macho mikono yako, wote 30 wataitumbulia. Sekunde ya kuinua, mtazame mtoto usoni umuulize, "Unaikumbuka yako?" Atakutazama. Wakalishe chini, mbele yako tu, pasiwe na mtu nyuma wala ubavuni mwa mkono ulioshika fungu. Inua karata usawa wa kifua na useme kwa sauti. Na wazee waambie mapema kwamba hapa hapachezwi hela.

Mwana wa Ngamiani
Asanteni sana wakubwa zangu. Nimejirekodi, na kweli napepesa, kila mara! Karata zangu za karatasi nazo zimevimba kwa unyevu, zinagandana, nitanunua za plastiki na kuweka leso mfukoni.

Jioni hii nimemfanyia mama akiwa anachagua mchele. Mwanya niliuweka wakati anakung'uta ungo, nikamuuliza kama anaikumbuka yake, akanitazama. Duru ya mwisho amefunua mwenyewe, akakuta kumi ya uru yenye jina lake. Ameiweka juu ya ungo, kazi ameiacha, ananiambia nirudie.