Mjadala: Je, magulio ya vijijini mkoani Tanga yafungwe ili wakulima wahamie soko moja la wilaya?

Mlipakodi wa Chumbageni:
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili bila jazba. Napendekeza kila wilaya iwe na soko moja la jumla lenye paa, mizani na chumba cha baridi, na magulio madogo ya huko Soni, Mlalo na kwingineko yafungwe. Mkulima wa kabichi hushuka alfajiri na mzigo usioweza kulala, na mnunuzi analijua hilo vizuri zaidi yake, kwa hiyo kadiri jua linavyopanda ndivyo bei inavyoshuka. Soko la jumla lingemkutanisha na wanunuzi wengi kwa wakati mmoja. Ama wale akina mama wenye vyungu viwili na vikapu vitatu, wanaokaa kutwa kumsubiri mteja mmoja, hao kwa maoni yangu hawafanyi biashara, wanapunga upepo.

Binti wa Mfinyanzi:
Mengine nimeyasoma nikayaacha, lakini hilo la kupunga upepo halipiti. Mama yangu huchimba udongo bondeni, huuponda, huuloweka na kuuchambua changarawe, kisha hukiinua chungu kwa mkono bila gurudumu lolote, akakilainisha kwa gunzi la mahindi na kokoto. Chungu hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa ndipo kichomwe kwa kuni na majani makavu, na mvua ikinyesha katikati ya kuchoma, kazi yote hugeuka vigae. Anapokaa gulioni ndipo anapolipwa kwa siku zote hizo. Wewe mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi unasubiri siku 30, na hakuna aliyesema unapunga upepo.

Mlipakodi wa Chumbageni:
Dada yangu, sikumtaja mama yako. Nilizungumzia uchumi, na uchumi unasema chungu kilishindwa na sufuria zamani sana.

Babu wa Mlalo:
Mwanangu, kwanza aliyekwambia kimeshindwa hajala maharage yaliyopikwa katika chungu kwa moto wa polepole. Pili, wateja wa vyungu wapo, na hawanunui kwa kukisia: mwanamke hukigonga kwa kidole kilichokunjwa, akasikiliza, na kikitoa sauti ya kufa hukirudisha chini bila kusema neno. Mteja huyo hatapanda gari kwenda mjini kutafuta chungu. Wala muuzaji hatakubali kusafirisha vyungu vinne juu ya bodaboda katika njia zetu hizi za kona na makorongo, akalipa nauli ya kwenda na kurudi, halafu avifikishe vimepasuka. Gulio liko pale lilipo kwa sababu mtu aliweza kulifikia kwa miguu, akauza, akanunua chumvi na sabuni, akarudi kabla ya giza.

Dereva wa Segera:
Shikamoo Babu. Kwa heshima zote, tumebishana juu ya vyungu huku mkulima akiibiwa mbele ya macho yetu. Mimi nabeba viazi na kabichi kwenda Dar es Salaam, na najua gunia linavyofungwa: likishajaa huongezewa kilemba juu, likazungushiwa kamba, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja; hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo ipo, Wakala wa Vipimo wapo, na kikomo cha kilo 100 kinajulikana na kila mtu, lakini lumbesa inapita barabarani mchana kweupe. Juu ya hapo halmashauri inachukua ushuru wa asilimia 5.

Mwana wa Bumbuli:
Ndugu Dereva, hiyo asilimia 5 ni ya zamani. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa hadi asilimia 3, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa unapovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Tatizo ni kwamba mkulima mwenye magunia matatu hazijui habari hizo, na anayemsimamisha kwenye kizuizi hana haraka ya kumwambia.

Mlipakodi wa Chumbageni:
Sasa ushuru nao ni dhambi? Barabara za kuyafikia hayo magulio mnayoyatetea zitachongwa na nani?

Binti wa Mfinyanzi:
Zichongwe kwanza ndipo tuulizane. Vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vya kumwondolea mchuuzi ushuru mwingine, vilipotolewa kuanzia Desemba 2018, mama alilipa shilingi 20,000 kama wengine, akakivaa shingoni, na bado siku ya gulio alidaiwa ushuru wa kukalia mkeka wake.

Wa Muheza:
Naomba niwape mfano wa kwetu. Muheza ipo kando ya barabara kuu, magari yanafika mpaka mlangoni, lakini machungwa mengi hununuliwa yakiwa bado mtini, na wakati mwingine mti ukiwa na maua tu, kwa sababu mkulima anahitaji ada ya mtoto mwezi ambao matunda hayajaiva. Mtu huyo hata umjengee soko lenye paa la dhahabu, atafika pale akiwa hana cha kuuza. Tungeanza na mkopo mdogo wa kumvusha hadi mavuno.

Dereva wa Segera:
Machungwa hayana lumbesa, tusichanganye mambo. Mimi nauliza kuhusu gunia.

Mlipakodi wa Chumbageni:
Na mizani ndiyo niliyoitaja tangu mwanzo, ila mkakimbilia vyungu. Haya, magulio yabaki, lakini kila gulio liwe na mizani, na pasiuzwe gunia ambalo halijapimwa. Mnapinga na hilo?

Babu wa Mlalo:
Hilo hatupingi. Tuambie tu ni nani atakayeishika.

Dereva wa Segera:
Yeyote asiyekuwa dalali.

Binti wa Mfinyanzi:
Wala mkusanya ushuru.

Mlipakodi wa Chumbageni:
Mkiwaondoa hao wawili, gulioni anabaki nani mwenye uwezo wa kununua mizani?