Tupeane uzoefu: pikipiki za safari zilizoitwa na kiwanda, na sisi tulionunua mkononi

Mpanda Kitonga (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo nimelibeba tangu mwezi wa nne, naomba tulizungumze.

Nina pikipiki ya safari, silinda mbili, zile ndefu zinazofungwa masanduku ya bati ubavuni. Niliinunua kwa mgeni aliyetoka nayo kwao, akapita nchi nyingi, akaamua kuiacha Arusha. Ushuru nikalipa, kadi nikabadilisha jina, nikajua nimemaliza. Mwezi wa nne natoka Makambako kuelekea Morogoro. Naanza kushuka Kitonga, malori mbele, malori nyuma, nabana breki ya mbele, mkono ukaja wote mpaka ukagusa mpini. Nikapampu mara tatu ndipo ikashika kidogo. Nimeteremka mlima wote kwa gia ya kwanza na breki ya nyuma. Ruaha Mbuyuni nikaegesha pale wanapouza vitunguu, miguu inatetemeka.

Nilipoangalia, rangi kwenye shingo ya usukani ilikuwa imevimba malengelenge, nyingine imebanduka. Nilikuwa naiona siku zote nikidhani ni jua. Nikapitisha kidole chini ya mpira unaopitisha mafuta ya breki, kikatoka kimelowa. Mafuta ya breki hula rangi, na hayo yalikuwa yanaila muda mrefu. Kila nilipokata kona mpira ulikuwa unasuguana na kipande cha bati kinachoushikilia.

Nyumbani nikaingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya serikali ya kule ilikotoka. Wito wa kiwanda (recall), yaani tangazo la kurudisha pikipiki zenye kasoro zirekebishwe, wa kubadilisha mpira huo huo, bure, ulitolewa miaka sita kabla sijainunua. Barua ilikwenda kwa mmiliki wa kwanza, kwenye anwani yake ya kwanza. Na siku moja kabla ya Kitonga nilikuwa nimempakia mama watoto.

Naomba kila mwenye kisa akiweke. Ombi langu moja: kisa chako binafsi usitaje chapa wala gereji, tusije tukamwonea mtu. Yale ambayo viwanda vyenyewe vimeyatangaza hadharani, tajeni bila woga.

Fundi wa Ilala

Pole sana mkuu, Mungu alikuwa nawe.

Mimi ni fundi, huu mwaka wa kumi na tisa. Niseme la upande wetu. Mwaka 2015 BMW waliita pikipiki zaidi ya 43,000 kwa Marekani peke yake, zikiwemo R1200GS za matoleo ya mwanzo, kwa ajili ya flenji ya gurudumu la nyuma, kile kipande ambacho gurudumu hufungwa kwa bolti. Bolti za gurudumu zikikazwa kupita kiasi, flenji inaweza kupasuka. Dawa ikawa kufunga flenji ya chuma badala ya ile ya aluminiamu.

Sasa angalieni chanzo chake: kukaza kupita kiasi. Gurudumu la nyuma la pikipiki ile linashikwa na bolti tano, kila moja inataka Nm 60 basi (Nm, newton mita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Mtu mzima akichomeka bomba la mita moja kwenye spana na kuning'inia, amepita kipimo hicho mara kumi na zaidi. Nami nimewahi kufanya hivyo, tena kwenye pikipiki za watu, nikipiga bolti kibao cha mwisho nikamwambia mteja "hapa haifunguki tena". Nilikuwa naona ndio ufundi. Niliposoma habari ya wito ule niliwaza wateja wangu usiku kucha. Wawili nikawapigia simu warudi niwafungulie na kufunga upya. Siku hizi spana ya kupimia haitoki kwenye boksi langu, na kijana akija kujifunza anaanza nayo hiyo.

Kwa hiyo kosa linaweza kuanzia kiwandani likamaliziwa kwenye gereji. Mkipeleka pikipiki, muulizeni fundi anakaza kwa kipimo gani. Akinuna, tafuteni mwingine.

Mwana wa Kaloleni, Birmingham

Salamu kutoka huku. Huku mambo ni mepesi: barua inakufuata nyumbani, na ukitaka kuhakikisha mwenyewe unaingia tovuti ya serikali, unaangalia kama chombo kina wito. Nimepata barua kama hiyo mara moja, kuhusu swichi. Nilipeleka asubuhi, mchana nikaichukua, sikulipa hata peni.

Lakini nililotaka kuwaambia ni la chumvi. Baridi ikija, huku wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isigande. Mwaka 2020 Royal Enfield waliita pikipiki zipatazo 15,200 za Uingereza, nchi nyingine za Ulaya na Korea Kusini. Himalayan yao ya safari ilikuwamo, pamoja na Interceptor na Continental GT. Sababu ni kwamba chumvi hiyo ya barabarani ilikuwa inaweza kuozesha kalipa za breki, vile vifaa vinavyobana pedi kwenye diski. Niliposoma nikawafikiria ndugu zangu wa pwani. Wito ule haukuwataja, maana kwenu hakumwagwi chumvi barabarani. Ila hewa yenyewe ina chumvi.

Dada wa Nyali

Ahsante kaka, umesema kweli tupu. Mimi naishi karibu na bahari, nguo nikizianika usiku asubuhi zina chumvi.

Yangu ni pikipiki nyingine, ndogo kuliko hizo ulizotaja. Ilianza kuwa nzito. Naisukuma kutoka kwenye banda naona kama nasukuma mkokoteni wa maji. Nikadhani ni upepo wa tairi. Siku moja nimetoka Kilifi, kufika nyumbani nasikia harufu ya kuungua mbele. Kufungua kalipa, pistoni zimezungukwa na unga mweupe mgumu, kama magadi. Aluminiamu ikiliwa na chumvi hutoa unga ule. Pistoni zinatoka ukibana breki lakini hazirudi, kwa hiyo pedi zinakaa zimeng'ata diski safari nzima.

Nawapa ninavyofanya sasa. Kila Jumamosi naiweka stendi ya kati na kuinua gurudumu la mbele, nalizungusha kwa mkono na kusikiliza. Likizunguka mara moja na kusimama, sitoki nayo. Na nikirudi safari fupi ambayo sikutumia sana breki, nasogeza nyuma ya kiganja karibu na diski bila kuigusa. Joto likinifuata, kuna pedi inang'ata. Kisha naiosha kwa maji yasiyo na chumvi, si ya kisima, maana maji ya kisima chetu yenyewe ni ya chumvi.

Msafiri wa Isiolo

Nimesoma ya Dada nikaenda kuangalia yangu kabla ya kuandika.

Huku shida ni mawe. Mwenye R1200GS au R1200GS Adventure iliyotengenezwa kati ya Novemba 2013 na Juni 2017 asikilize hapa. Mwaka 2017 BMW walitangaza ukaguzi wa mabomba ya shokapu za mbele. Gurudumu likigonga kitu kwa nguvu, shimo au jiwe, bomba linaweza kudhurika juu, na dereva asione kitu akaendelea na safari. Wauzaji wakaambiwa wakague na kufunga bushi ya kuimarisha. Wao waliita kampeni ya hiari ya huduma. Mimi neno "hiari" silipendi kwenye shokapu ya mbele. Mtu akisikia hiari anaahirisha mpaka baada ya sikukuu.

Kisa changu ni cha chapa tofauti. Nimegonga jiwe njia ya Loiyangalani, kishindo mpaka meno yakagongana. Nikashuka, nikaangalia rimu, nzima, nikapanda. Kilomita zaidi ya mia nikiwa naongea na Mungu kwa shukrani, kumbe shokapu ya kulia inatiririsha mafuta taratibu juu ya diski. Tangu hapo nikigonga kitu kizito nashuka, nafuta mabomba yote mawili kwa kitambaa kikavu, nakwenda kilomita tano pole pole, nafuta tena. Kitambaa kikija na mafuta, safari imeisha.

Kijana wa Stendi, Morogoro

Shikamooni wakubwa. Mimi naendesha boda, sina hizo kubwa. Ila naona mnatisha watu. Kila chombo kina kasoro zake. Pikipiki ikiitwa mara tatu mtu ataiuza kwa hasara, na huenda haina shida yoyote.

Mpanda Kitonga

Marahaba mdogo wangu. Umesema jambo la maana, nalijibu kwa uzito wake. Wito hausemi pikipiki yako ni mbovu. Unasema iko kwenye kundi ambalo kasoro imeonekana. Kwangu mimi pikipiki iliyoitwa mara tatu na ikafanyiwa kazi zote tatu ina thamani kuliko ile ambayo mwenyewe hajui kama iliwahi kuitwa.

Na lipo moja linakuhusu wewe kabisa. BMW G310GS, ndogo yao ya safari, ilitengenezwa India na TVS, hao hao wa boda zetu. Hiyo na ndugu yake G310R ziliitwa kwa ajili ya stendi ya pembeni. Ukikaa juu ya pikipiki huku stendi iko chini imebeba uzito wako, pale stendi inaposhikana na fremu panaweza kudhurika. Sasa nieleze, pale kijiweni mnakaaje mnaposubiri abiria?

Kijana wa Stendi, Morogoro

Tunakaa hivyo hivyo mkuu, kutwa. Wengine wawili juu ya moja. Nimeinama nimeangalia yangu sasa hivi, pale stendi inaposhikana na fremu pameshachomelewa mara mbili.

Mwanaharakati wa Kampala

Jamani, kujua ni kitu kimoja, kutengenezewa ni kingine. Mimi nilijua. Nilikwenda kwa wakala wa chapa yangu na karatasi mkononi, akaniambia pikipiki hii hatukuiuza sisi, rudi ulikoinunua. Niliinunua kwa marehemu rafiki yangu, nirudi wapi? Nimeandika barua pepe kiwandani nikaambatanisha picha ya chesisi. Baada ya wiki saba wakaniletea spea bure, ufundi nikalipa mwenyewe. Mwenzangu wa Jinja kaandika kama mimi, mpaka leo kimya.

Mpanda Kitonga

Hilo linaniuma, maana hatari ya mpira au flenji haiulizi nani aliyeuza. Ukikataliwa, omba majibu kwa maandishi. Tanzania mlinzi wa mlaji ni Tume ya Ushindani, FCC, na kwa viwango kuna TBS. Kenya kuna Mamlaka ya Ushindani na KEBS. Pelekeni malalamiko huko hata kama ni mmoja mmoja, yawekwe kwenye faili.

Kuhusu kukagua, niwape niliyojifunza kwa shida. Namba ya chesisi kwa pikipiki nyingi ni herufi na tarakimu 17, imegongwa kwenye shingo ya usukani. Isafishe kwa brashi ya mswaki, ilinganishe na kadi. Tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inajua pikipiki zilizouzwa Marekani. Ukiingiza ya Ulaya ikakujibu hakuna kitu, usifurahi, umeuliza mlango usio wako. Na wito wa zaidi ya miaka 15 hauonyeshi. Zilizotoka Japani kwa soko lao zina namba fupi, hazifiki 17, hizo zinaangaliwa kwenye orodha za wizara yao ya usafiri kwa mfululizo wa namba. Ukishindwa kote, mwandikie kiwanda. Na tafadhali, namba kamili msiiweke hapa hadharani, wezi wa kadi nao wanasoma.

Mama Lushoto

Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Mume wangu na mimi tumepanga kuondoka kesho alfajiri, Tanga kwenda Lushoto, kona zile mnazijua. Nimechukua tochi na mswaki nikashuka chini kwenye pikipiki. Yetu ilitoka Marekani. Miito miwili iko wazi, haijafanyiwa kazi. Mmoja ni wa breki ya mbele.

Nimemwamsha. Kesho tunapanda basi.