Oksijeni kwa kichwa cha klasta, Kigoma: lita ngapi, barakoa ipi, mtungi upi?

Mama wa Gungu
Habari za humu wakubwa. Mdogo wangu wa kiume, miaka 38, amethibitishiwa na daktari kuwa ana maumivu ya kichwa ya klasta. Ni upande wa kulia tu, nyuma ya jicho, kila usiku kati ya saa saba na saa nane, na hudumu kama saa nzima. Jicho linatoa machozi, pua ya upande huo inaziba, kope inashuka, hawezi kulala wala kukaa, anazunguka chumbani ameshika kichwa. Kaandikiwa oksijeni. Kituo cha afya walimwekea vipira vya puani, lita 4 kwa dakika, nusu saa, hakupata nafuu. Nyumbani wameshaanza kusema oksijeni haimfai. Kiwango sahihi ni kipi? Tutafute mtungi au mashine ya umeme?

Muuguzi_Zamu
Pole sana dada. Msikate tamaa, maana oksijeni ya klasta bado hajaipata. Lita 4 kwa vipira vya puani huchanganyika na hewa ya chumbani, na anachovuta kinakuwa na oksijeni kama 36% tu. Klasta inataka iliyo karibu na 100%, yaani lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa barakoa yenye mfuko chini yake, dakika 15 hadi 20. Utafiti wa Cohen, Burns na Goadsby uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2009 ulitumia lita 12 kwa dakika 15: nafuu ilipatikana kwa 78% ya mashambulizi, na kwa 20% pale wagonjwa walipovutishwa hewa ya kawaida bila kujua.

Namna ya kuvuta: fungulia lita 12 kwanza, bonyeza kwa kidole valvu iliyo ndani ya barakoa mpaka mfuko uvimbe, ndipo avae. Akae ameinama mbele, viwiko magotini, barakoa ibane pua na mdomo, avute pumzi ndefu bila haraka. Mtazame mfuko. Akivuta ukanywea kabisa, ongeza hadi lita 15. Usipocheza hata kidogo, barakoa inavuja pembeni, na mara nyingi ni ndevu au mkanda uliolegea. Angalia pia vile vifuniko vidogo vya mpira ubavuni. Barakoa nyingi huja na kimoja tu na tundu la pili liko wazi, hewa ya chumbani inapita hapo. Aishike barakoa kwa mkono na kuziba tundu hilo kwa kidole gumba. Oksijeni ikikatika ataivua papo hapo.

Kubwa kuliko yote: aanze dakika ile ile kichwa kinapoanza. Akisubiri "aone kama kitapoa", nusu ya faida imeshapotea. Maumivu yakiisha aendelee dakika 5 ndipo afunge.

Fundi Vifaa Tiba
Mashine ya umeme ya lita 5 haitoshi, hata ikiwa mpya. Tena umeme ukikatika saa nane usiku hana kitu. Chukueni mtungi.

Hesabu ni rahisi: ujazo wa mtungi mara presha. Mtungi wa lita 40 kwa bar 150 (bar ni kipimo cha presha) una lita 6,000 za oksijeni. Lita 12 kwa dakika 20 ni lita 240, hivyo unapata mashambulizi 25. Ule mdogo wa lita 10 unatoa 6 tu.

Regulata, yaani kifaa kinachofungwa kwenye mtungi kupunguza presha na kupima mtiririko, iwe ya kufika lita 15. Zipo nyingi zinazoishia 10, soma kabla ya kulipa. Kigololi cha kipimo kisomwe katikati yake, kipimo kikiwa kimesimama wima. Chupa ya maji ya kulainisha hewa iondoeni, kwa dakika 20 haihitajiki, na kwa lita 12 huanza kupiga filimbi na kupoteza hewa.

Sasa usalama, na hapa nasema kwa nyumba zetu za Kigoma: mtu aliyetoka kukaanga kwa mawese asiguse valvu wala regulata. Mafuta yakikutana na oksijeni yenye presha yanaweza kuwaka bila kiberiti. Nawa kwa sabuni, kausha mikono. Msipake grisi kwenye nyuzi za kufungia regulata, msifunge tepu. Ikivuja, badilisha washa, ile pete ya kuzuia kuvuja. Valvu ifunguliwe taratibu. Mtungi usimame wima, ufungwe mnyororo ukutani, dirisha liwe wazi, mbali na jiko la mkaa, mshumaa na sigara.

Mama wa Gungu
Asanteni sana. Kuna anayetushauri tuchukue mtungi kwa mafundi wa kuchomelea, bei nafuu. Inafaa?

Fundi Vifaa Tiba
Hapana, dada. Mtungi wa karakana haufuatiliwi kama wa hospitali, hujui ndani kumeingia nini. Tena regulata yake imetengenezwa kwa kuchomelea, haikupi lita kwa dakika. Ulizeni hospitali ya mkoa ya Maweni utaratibu wa kujaza mtungi wa hospitali kwa cheti cha daktari.

Dkt. Zamu ya Usiku
Kabla ya kwenda nao nyumbani, mapafu yapimwe, hasa kama anavuta sigara. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anaweza kudhurika kwa oksijeni nyingi hivi.

Oksijeni inazima shambulio, haizuii la kesho. Muulizeni daktari kuhusu verapamili ya kuzuia, inayohitaji kipimo cha umeme wa moyo kabla na kila dozi inapopandishwa. Predinisoloni ya muda mfupi husaidia wakati verapamili haijashika. Parasetamoli humezwa ikachelewa, shambulio linaisha kabla haijafanya kazi. Kipindi hiki chote asiguse pombe, hata bia moja.

Homa, shingo kukakamaa, kiungo kupooza, au jicho jekundu lisiloona vizuri: hiyo si klasta ya kawaida, nendeni hospitali usiku huo huo.

Mama wa Gungu
Tumepata mtungi wa lita 40. Tuupeleke kujaza mshale wa presha ukifika ngapi?

Fundi Vifaa Tiba
Bar 50. Hapo zimebaki lita 2,000, yaani usiku 8 kwa shambulio moja kila usiku.