ETI GARI LANGU NDILO LIMEPINDA? Fundi wa makabati, leo tutajuana

BintiSabaki (mwenye uzi)

Jamani wana Malindi, mikono bado yanitetemeka, makosa ya uandishi mtayasamehe. Jina simtaji, sina haja. Mnamjua. Yule wa penseli sikioni na "kesho alasiri njoo uchukue", aliyebandika ukuta mzima picha za majiko ya Wataliano wa Casuarina, na ukimuuliza katika hayo lipi kalitengeneza yeye, anaanza kutafuta tepu yake. Ndiye huyo huyo.

Kazi ilikuwa kabati la jiko ndani ya gari langu la HiAce, lile lenye paa la chini. Sinki, meko, droo tatu, basi. Nimeletewa msikiti na minara yake.

Nikamwambia kwa adabu, fundi, kabati limelala upande. Akachukua pima maji, akaiweka juu ya kaunta, kiputo kikatulia katikati, akanigeukia mbele ya vijana wake wote na mama wa mahamri: "Mama, gari lako ndilo lililopinda. Kabati langu limenyooka."

GARI LANGU. LIMEPINDA.

Gari lilikuwa limesimama gurudumu moja la nyuma ndani ya shimo ambalo mbuzi akitumbukia anasomewa hitima! Na humo humo shimoni ndimo alimopimia, akakata kitako cha kabati kulifuata shimo. Nani anatumia pima maji ndani ya gari? Nyumba haihami, gari leo liko mchangani kesho liko kwenye mteremko. Ndani ya gari unapima kutoka sakafuni kwenda juu, pembe zote nne, kwa tepu na skwea, zikilingana umemaliza. Sasa kwenye lami iliyotandazwa sawasawa, yai ukiliweka juu ya kaunta linajiendea lenyewe mpaka sinki.

Mengine nayataja kwa upesi maana sitaki presha. Kimo sentimita 90, kina 60, vipimo vya jiko la nyumba, ndani ya gari ambalo toka sakafu hadi paa hata mita moja na nusu haifiki. Pakua wali, piga kichwa. Kabati zima ni chipbodi ya milimita 18. Skurubu ni zile nyeusi za jipsamu, ambazo kwa upepo wetu huu wa bahari zinatoa kutu kabla hujamaliza kuzikaza, na zikitikiswa hazipindi, zinakatika shingo. Droo zinashikwa na sumaku. SUMAKU. Kona ya kwanza baada ya daraja, vijiko vyote vikaja mbele kunisalimia. Na juu kaweka graniti ya milimita 20, sijamwomba, kasema "hiyo zawadi".

Yote hayo ningemeza na maji. Lakini limepinda? Gari langu? Na mama wa mahamri akacheka!

MzeeWaMaweni
Dada, swali moja tu. Pesa ulimlipa yote?

BintiSabaki
Hilo halihusiani na pima maji.

MzeeWaMaweni
Kalipa yote 😂😂😂

Bodi_Kumi_na_Mbili
Tufanye hesabu kidogo. Chipbodi ya 18, ile ya futi nane kwa nne, ina kilo 35 hivi. Kabati la ukubwa huo linakula bodi tatu, hiyo ni kilo mia na ushee. Graniti ya milimita 20 ni kama kilo 54 kwa mita mraba. Kaunta yako ina urefu gani?

BintiSabaki
Mita moja na nusu.

Bodi_Kumi_na_Mbili
Kwa kina cha 60 ni kilo 48 na kitu, toa tundu la sinki. Basi unabeba karibu kilo 150, zote upande mmoja, hujatia hata sufuria. Dada, samahani sana, fundi kasema kweli. Gari lako sasa limepinda.

KijanaWaMuyeye
🤣🤣🤣 nimeanguka kitini

MzeeWaMaweni
Uzi ufungwe, fundi kashinda kesi.

BintiSabaki
Limepinda KWA SABABU YAKE! Kabla yake lilikuwa limenyooka! Na hakulisema kwa hesabu, alilisema kwa dharau, kiputo kile bado nakiona!

Bodi_Kumi_na_Mbili
Tuache utani. Kabati la gari ni plaiwudi ya milimita 12 kwa mwili, 9 kwa ubavu wa droo, 6 kwa kitako cha droo. Bodi ya 12 ina kilo 21 hivi, kwa hiyo zile tatu ni kilo sitini na kidogo. Kaunta nayo plaiwudi ya 18 iliyopigwa fomaika, inatosha sana.

Chipbodi kasoro yake si uzito peke yake. Ile ni chenga za mbao na gundi, skurubu inashika chenga. Gari likitikisika tundu linapanuka, ukikaza inazunguka bure. Na maji yakiingia pale walipokatia sinki, bodi inavimba na hairudi tena, hata uianike juani mpaka kaskazi iishe.

Dukani ukisema "marini", yaani plaiwudi ya kuhimili maji, wengi watakupa ile bodi ya kahawia yenye ngozi ya kung'aa, ya kumiminia zege. Omba kipande kilichobaki, nenda ukakichemshe kwenye sufuria saa nzima. Tabaka zikiachana, hiyo gundi si ya maji. Zisipoachana, nunua, na kila ukingo uliokatwa upake vanishi mara tatu, mkono wa kwanza uwe mwepesi uingie ndani. Maji hupitia ukingoni, usoni hayana njia.

MtuWaBara
Watu wa pwani mnapenda kuteseka. Si ununue tu makabati yaliyotengenezwa tayari? Unayafunga kwa skurubu, kwisha.

Bodi_Kumi_na_Mbili
Yaliyotengenezwa tayari ni ya ukuta ulionyooka. Ubavu wa HiAce umejikunja juu, umevimba kwenye gurudumu. Ukisukuma boksi la mraba hapo, nyuma linabaki pengo la kupita paka.

MtuWaBara
Sasa hilo pengo si ndio stoo?

ChumaChakavu
Stoo ya mende. Hilo pengo dawa yake ni kadibodi. Chukua boksi la friji, lisimamishe wima karibu na ubavu wa gari, shika kigogo cha sentimita tatu chenye penseli pembeni, kiburuze ukutani toka juu mpaka chini. Mchoro unafuata ubavu wenyewe. Kata, jaribu, punguza, ndipo uhamishie kwenye plaiwudi. Kadibodi ni bure, plaiwudi si bure.

Sasa niulize la maana zaidi. Kabati kalishika na nini kwenye gari?

BintiSabaki
Skurubu zile zile nyeusi. Kwenye bati.

ChumaChakavu
Ya Rabi. Bati la ubavu wa gari halifiki milimita moja. Skurubu hapo inashika uzi mmoja, ukifunga breki za ghafla kabati zima linakuja kukaa nawe kiti cha mbele. Kabati linafungwa kwenye mbavu za gari na sakafuni. Kwenye mbavu tumia nati za ribiti za M6, zile zinazobanwa ndani ya tundu la bati, sakafuni bolti ya M8 inayopita chini, na washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu, la sentimita tatu au nne upande wa nje ili bati lisiraruke. KABLA ya kutoboa, ingia uvunguni utazame: kuna tangi la mafuta, bomba la breki na nyaya. Ukishatoboa, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye mdomo wa tundu, kisha ndipo bolti iingie. Tundu lisilopakwa, Malindi hii, masika ijayo utapitisha kidole.

Halafu usiligundishe kabati na bati moja kwa moja. Mwili wa gari unajinyonga kwenye njia mbovu. Kabati halijinyongi, linapasuka kwenye maungio. Kata vipande vya tyubu kuukuu la baiskeli, weka kati ya mbao na bati. Kelele nazo zinakwisha.

KijanaWaMuyeye
Fundi huyo huyo alimtengenezea jirani sofa. Ukikaa, mguu wa nyuma unasali. Akaambiwa, akasema "sakafu yenu ndiyo mbaya".

BintiSabaki
MNAONA! Kumbe ni kawaida yake! Sakafu yenu, gari lako! Siku moja atamwambia mtu dunia ndiyo imeinama!

NahodhaShela
Poleni kutoka Lamu. Sisi huku magari hatuna, ila droo za kwenye chombo twazijua, na bahari inatikisa kuliko barabara yenu yote. Sumaku mtoeni. Droo ikibeba kilo kumi na dereva akafunga breki, inasukuma kwa zaidi ya kilo tano, na sumaku ya mlango ilitengenezwa kushika mlango.

Droo ya chombo ni ya kunyanyua. Chini ya uso wa droo, kwa ndani, unachonga mtaro wa kama sentimita moja. Droo ikiingia mpaka mwisho, ule mtaro unaangukia juu ya ubao wa mbele wa kabati, inajifunga kwa uzito wake. Kufungua, nyanyua kidogo ndipo uvute. Juu yake uiachie nafasi, sentimita moja na nusu hivi, la sivyo hutaweza kuinyanyua. Reli za chuma zenye gololi hazikubali mtindo huu. Pitisha droo juu ya vipande vya mbao ngumu, vipake mshumaa, hakuna cha kushika kutu wala cha kununua. Na mbao zikiumuka sana na kusi, utapunguza kwa randa kidogo tu.

Kaunta iwe na ukingo wa sentimita mbili tatu pande zote, kona moja iachwe wazi ya kufagilia. Yai halitatembea tena, hata lipinde gari.

BintiSabaki
HALIJAPINDA

PunguzaKasi
Samahani, mimi sijaelewa mtungi wa gesi kauweka wapi.

BintiSabaki
Chini ya sinki. Pamoja na betri ya taa.

PunguzaKasi
Innalillahi.

ChumaChakavu
Dada, acha pima maji, TOA MTUNGI SASA HIVI. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini kama maji, haitoki dirishani. Betri ikitoa cheche moja tu wakati wa kuunga waya, hutapata nafasi ya kufungua uzi mwingine. Mtungi wa kilo 6 unakaa kwenye kisanduku chake peke yake, umesimama wima, umefungwa mkanda, kisanduku kimezibwa upande wote wa ndani, na sakafuni kina tundu la kutokea nje ya gari. Tundu lisiwe karibu na ekzosi. Maungio yote yapake povu la sabuni, likitoa mapovu kaza upya. Na gari likitembea, valvu ya mtungi iwe imefungwa.

BintiSabaki
Nimetuma kijana akautoe. Ahsante kaka. Lakini mnaona sasa? Mtu anaweka bomu chini ya sinki halafu ANANIAMBIA MIMI gari limepinda.

MpwaWake
Mimi nawafahamu hao watu wa karakana. Mnasema tu, hamjui. Mteja mwenyewe kabadilisha mchoro kila siku, mara sinki kulia mara kushoto. Na graniti ni zawadi, mtu hutukanwa kwa zawadi?

MzeeWaMaweni
Salaam fundi.

MpwaWake
Mimi si fundi.

KijanaWaMuyeye
Penseli iko sikio gani?

MpwaWake
😡

NahodhaShela
Mafundi wa mbao njooni Matondoni, kijiji cha huku kwetu Lamu, mjionee watu wanaunda jahazi bila karatasi, jicho tu na kamba. Mbao zinapinda kwa makusudi na maji hayaingii.

MtuWaBara
Nahodha, fundi wa mlango wa Lamu nilimpa kazi ya mlango wa nakshi, kaniletea nakshi bila mlango. Fremu peke yake. Ati mlango ni bei nyingine.

NahodhaShela
Fremu ndiyo yenye nakshi nyingi, ulitaka nini? Na ulikubaliana naye nini? Mlango wa Lamu una mbao zake mbili na kati yake ule mti wenye nakshi ya maua, kila kipande kina bei yake.

MtuWaBara
Basi waandike! Nitajuaje?

Mokowe_Jeti
Nyinyi mnalia kabati na milango. Mwenye gari akitaka kwenda Lamu, gari linabaki huku kwetu bara, na wenye kulinda magari siku hizi wanatoza wanavyoota usiku. Gari lenye jiko ndani si ndio litatozwa mara mbili?

KijanaWaMuyeye
Watatoza la graniti mara tatu, linakula nafasi kwa uzito.

Mokowe_Jeti
Nacheka lakini ni kweli. Na ukirudi tairi limepungua upepo, ukiuliza unaambiwa ni jua.

PunguzaKasi
Hao wa maboti nao? Mtu mmoja akiwa na begi la wageni, bei inapanda papo hapo.

NahodhaShela
Mafuta yamepanda, msiwaseme watu wa chombo bila kujua.

Mokowe_Jeti
Mafuta yalipanda siku begi lilipopanda?

BintiSabaki
Jamani, kabati?

NahodhaShela
Mwenye kutaka bei ya nauli aje jeti asubuhi, si kukaa Malindi kuandika.

Bodi_Kumi_na_Mbili
Nahodha, hizo mbao ngumu za kupitishia droo mnatumia mti gani? Mbambakofi kwa kipande kidogo hivyo ni hasara.

NahodhaShela
Mvule unatosha, wala si lazima uwe mpya. Mabaki ya chombo kilichovunjwa ndiyo mazuri, yameshakauka, hayapindi tena. Chagua kipande kisicho na tundu la msumari, maana kutu ya zamani inaharibu randa.

Bodi_Kumi_na_Mbili
Nataka upana wa inchi moja, urefu futi mbili, vipande sita. Bei?

NahodhaShela
Njoo faragha.