Rangi iliyobaki baada ya kupaka nyumba: niitupe wapi?

Mkazi wa Kihesa
Kamwene, ndugu zangu. Nimemaliza kupaka nyumba hapa Kihesa, Iringa, na stoo imebaki na karibu nusu ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji, makopo mawili ya rangi ya mafuta ambayo hayakuisha, pamoja na chupa ya thina iliyooshewa brashi. Fundi alinishauri nimwage vyote kwenye shimo la choo, nami sikuridhika, kwa kuwa kisima cha jirani hakiko mbali na hapo. Nifanyeje?

Fundi wa Mafinga
Usimwage chooni, wala mtaroni, kwa sababu mvua za masika zikianza mitaro hiyo huteremkia mto Ruaha Mdogo. Fungua kwanza ndoo ya rangi ya maji. Ikikorogeka ikawa laini na hainuki kama yai viza, bado ni mali, basi mpe mwenye banda la kuku au uzio usiopakwa. Iliyoharibika ichanganye na vumbi la mbao, ambalo huku kwetu mashine za kupasulia mbao hulirundika kama vichuguu, mpaka iwe nzito kama ugali, kisha uiache wazi mahali pasipofikiwa na watoto wala mvua. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha mno: juu hushika ngozi huku ndani bado ni uji, kwa hiyo choma kijiti hadi chini kabla ya kuitupa pamoja na taka za kawaida.

Mama wa Uyole
Fundi amesema vyema, ila rangi ya mafuta ni jambo jingine, kwani hushika moto na mvuke wake hudhuru. Thina ifunge, uiache itulie siku kadhaa. Machicha yatatuama chini, nawe utaimimina taratibu ile iliyo safi na kuitumia tena. Machicha hayo na rangi ya mafuta isiyofaa viwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, kisha umwulize afisa mazingira wa halmashauri yako vipelekwe wapi. Matambara yenye mafuta usiyarundike, maana hujipasha joto yenyewe hata yakawaka. Yaanike nje, kila moja peke yake. Ndoo nayo isigeuzwe ya kuwekea unga. (Nimewahi kupimiwa ulanzi, pombe ya mianzi, kutoka ndoo ya namna hiyo, niliulipia na kuuacha palepale.)

Mkazi wa Kihesa
Asanteni sana. Je, kopo la zamani la rangi ya mafuta, alilokuwa nalo marehemu baba, naweza kulichoma na taka?

Fundi wa Mafinga
Hapana, ndugu yangu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na moshi na majivu yake ni sumu, hasa kwa watoto. Lifunge vizuri, uliweke pamoja na yale mengine ya kumwonyesha afisa mazingira.